Babu na Bibi katika Milima ya Usambara

1. Njia ya kupanda mlimani

Mtu atokaye Tanga kwenda Moshi huiona milima ya Usambara mkono wake wa kuume, imesimama kama ukuta mrefu. Chini ya milima ni nchi ya jua kali, ya miiba na mashamba ya mkonge. Afikapo Mombo, huiona njia nyingine inayokata kuume na kuanza kupanda. Njia hiyo huzunguka-zunguka kando ya bonde, upande huu mwamba, upande huu shimo refu, hata ifike Soni penye maporomoko ya maji. Kisha huendelea mpaka Lushoto. Kutoka Mombo hata Lushoto ni kilometa 33 hivi, walakini msafiri huona kama amehamia nchi nyingine. Joto amelibakiza chini. Mji wa Lushoto uko karibu meta 1,400 juu ya bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi yake humfanya mgeni atafute blanketi.

Wasambaa wenyewe huzitenga nchi hizi mbili kwa majina. Ile ya chini huiita nyika. Ile ya juu huiita Shambaai, yaani kwao.

Lakini wana wengi wa Shambaai hawakai tena Shambaai. Huko milimani mashamba ni madogo, na kila baba afapo shamba hugawanywa tena kati ya wanawe. Kwa hiyo tangu zamani za Wadachi, waliouita mji wa Lushoto Wilhelmstal, vijana walianza kushuka kutafuta kazi ya mshahara. Wengine walikwenda katika mashamba ya mkonge, wengine katika kazi za reli, wengine mjini Tanga. Siku hizi wengi wako Dar es Salaam, Arusha, na miji mingine. Huko huoa, huzaa, na watoto wao husoma shule za huko. Wazee hubaki mlimani, wakilima migomba na maharage yao, wakiangalia njia.

Basi mwezi wa Desemba, shule zifungwapo, magari hupanda kutoka Mombo yamejaa watu, na juu ya mizigo ya watu wazima hukaa watoto. Ukiwauliza wanakwenda wapi, watajibu, "Kwa babu." Ukiwauliza wanakwenda kufanya nini, wengi watasema, "Kula siku kuu." Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo inayoelezwa hapa.

2. Kazi ya babu na bibi

Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, na Usambara ni mojawapo, baba na mtoto hawazungumzi kwa mchezo. Baba huamuru, na mtoto hutii. Lakini babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mchumba," na bibi humwambia mjukuu wa kiume, "Mume wangu, mbona umekuja mikono mitupu?" Watoto hucheka, na wazee hucheka pamoja nao.

Mtu asiyeijua desturi hii atadhani ni upuuzi. Sivyo. Utani huu una kazi kubwa. Mtoto aliyevunja chungu, au aliyeshindwa mtihani, huogopa kumwambia baba yake, lakini bibi haogopwi. Mtoto humwendea akamwambia jikoni, na bibi huchukua neno lile mpaka kwa baba, akalisema kwa njia ya upole. Baba naye hawezi kumkemea mama yake mzazi. Ndivyo hasira ipoavyo. Wahenga walisema, penye wazee hapaharibiki neno. Nao walikuwa wameyaona mambo haya kwa macho.

Kazi ya pili ni kufundisha. Babu humchukua mjukuu wa mjini shambani. Humwonyesha mpaka wa shamba, mti gani ulipandwa na nani, na kwa nini majani ya migomba huachwa chini yaoze. Humwonyesha mtelemko ambao udongo wake ulichukuliwa na mvua kwa sababu mtu fulani alikata miti yote. Bibi naye humfundisha kuchambua mbegu za maharage, hizi za kula, hizi za kupanda. Mtoto hupewa makande jioni, akaona ya kuwa mahindi na maharage aliyoyachambua asubuhi ndiyo anayoyala.

Kazi ya tatu ni kukumbuka, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Usiku, watu wakiota moto, babu huwauliza wajukuu mmoja mmoja, "Baba yako ni nani? Naye alizaliwa na nani? Na huyo, je?" Mtoto akikwama, babu humtajia, kesho yake humwuliza tena. Kisha humwonyesha mtoto mwenziwe aliyekaa upande wa pili wa moto, akamwambia, "Huyu ni ndugu yako. Bibi yake na babu yako walinyonya ziwa moja." Watoto wale wawili huenda hawajaonana hata siku moja, maana mmoja anakaa Tanga na mwenziwe Arusha. Lakini toka usiku ule ni ndugu.

3. Nyumba ya Kimweri

Mtu aweza kuuliza, "Kuna hasara gani ndugu wasipojuana?" Wasambaa wana habari kubwa katika historia yao inayojibu swali hilo.

Katika karne ya 19 nchi ya Usambara ilikuwa na mfalme jina lake Kimweri ye Nyumbai, wa ukoo wa Wakilindi. Mji wake ulikuwa Vuga. Mmisionari Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1848, na tena mwaka 1852, akaona ya kuwa ni mfalme mwenye nguvu. Kimweri alikuwa na wana wengi, akawaweka kuwa wakubwa katika sehemu mbalimbali za nchi yake. Muda wote alipokuwa hai, wote walikuwa chini ya mzee mmoja. Wakikosana, yuko mtu wa kuwaamua.

Mwaka 1862 Kimweri alikufa, naye amekwisha kuwa mzee sana. Mwanawe Mshuza, aliyekuwa wa kuurithi ufalme, alikuwa ametangulia kufa. Kwa hiyo ufalme akapewa mjukuu, Shekulwavu mwana wa Mshuza, naye alikuwa bado kijana. Baba zake wadogo waliona vigumu kumtii mtoto wa ndugu yao. Mmoja wao, Semboja, alikaa Mazinde, chini ya mlima, katika njia ya misafara ya biashara, akapata bunduki nyingi. Haukupita muda wa miaka kumi tangu kifo cha mzee, Semboja akapigana na Shekulwavu, akamfukuza Vuga. Nchi ikagawanyika. Vita vikaendelea miaka mingi, na watu wengi walikamatwa wakauzwa utumwani na watu wa nchi yao wenyewe.

Habari hizi hazikupotea, kwa kuwa wazee walizihadithia, na Abdallah bin Hemedi akaziandika kwa Kiswahili katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Tazama jambo lenyewe. Wale waliopigana walikuwa baba mdogo na mwana wa ndugu yake, na babu wa kijana alikuwa ndiye baba wa yule adui yake. Mzee alipoondoka, walibaki na kiti chake wakakigombania; lakini ule umoja aliokuwa akiutunza haukupata mrithi.

Nyumba za watu wadogo hazina ufalme wala bunduki, lakini zina mashamba, na mambo yake ni yale yale. Ndugu waliokula pamoja kwa babu tangu utoto hugombana, kisha huketi wakapatana. Ndugu wasiojuana hukutana mara ya kwanza siku ya kugawa shamba, nao hukutana kama wageni.

4. Imani ilivyoingia katika nyumba

Mwaka 1891 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walikuja Mlalo, upande wa kaskazini wa Lushoto, wakaanza kazi huko. Mwaka 1895 kazi ikafika Vuga, na mwaka 1899 Bumbuli. Wakatoliki nao walijenga misheni Gare. Katika nchi ya Bonde, chini ya milima upande wa mashariki, Waanglikana walikuwa wamekwisha kuanza Magila. Na dini ya Kiislamu ilikuwa imekwisha kupanda mlimani pamoja na wafanya biashara wa pwani.

Siku zile za kwanza imani mpya haikuwaunganisha babu na wajukuu; mara nyingi iliwatenga. Mkubwa wa nyumba ndiye aliyetambika kwa ajili ya watu wake wote, akiwataja waliokufa kwa majina. Kijana aliyekwenda kusoma katika shule ya misheni, kisha akaomba kubatizwa, alikataa kusimama katika tambiko lile. Mzee aliona kwamba mjukuu amemkana yeye na wote waliomtangulia. Kijana naye alilia moyoni, maana alimpenda babu yake.

Siku hizi mambo yamegeuka. Wajukuu wa wale vijana wa kwanza ni wazee wenye mvi, nao ndio wanaotangulia kufika kanisani alfajiri. Kanisa lililoanzwa Mlalo ni sehemu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 makanisa saba yalipoungana, na dayosisi yake ya Kaskazini Mashariki ina makao yake Lushoto. Zamani mjukuu ndiye aliyempelekea babu habari ya Injili. Sasa bibi ndiye anayemfundisha mjukuu wa mjini kuomba kabla ya kulala. Jambo hili si geni. Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo, alimkumbusha kwamba imani yake ilianza katika nyumba yao kwa bibi yake Loisi, ikapita kwa mama yake Eunike, ndipo ikafika kwake.

5. Siku kuu

Siku kuu ya Krismasi ndiyo inayowakusanya watu wengi kuliko nyingine, kwa sababu shule zimefungwa na watu wa kazi wamepewa ruhusa. Asubuhi jamaa wote huenda kanisani pamoja. Wazee hutangulia polepole, na mjukuu mmoja hushikwa mkono na bibi ili amwongoze njia. Kwa kweli hawajulikani ni yupi anayemwongoza mwenziwe. Baada ya ibada watu hurudi, hula pamoja, na jioni hutembelea wagonjwa na wazee wasioweza kutoka nyumbani.

Pasaka ni vigumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi huja wakati wa masika, na njia za vijijini hujaa matope. Waendao wakati huo ni wachache, na wazee huwakumbuka kwa majina waliokuja. Iko pia siku ya mavuno. Watu huleta kanisani ndizi, mahindi, mayai, na kuku, kuwa shukrani kwa Mungu. Na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa. Mtoto wa mjini hushangaa kuona babu yake akinunua kwa fedha mkungu ulio kama ule alioutoa mwenyewe. Babu humweleza: "Ule ulikuwa wangu. Huu ni wa Mungu, nami nimepewa kuula."

Tena, Usambara nyumba nyingi zina Wakristo na Waislamu katika ukoo mmoja. Idi ifikapo, ndugu Wakristo hualikwa; na Krismasi ifikapo, ndugu Waislamu huja. Mwenye busara humpa ndugu yake Mwislamu achinje kuku au mbuzi, ili wote wale bila shaka moyoni. Jambo hili dogo huwafundisha watoto heshima kuliko maneno mengi. Nao wazee ndio wanaolilinda, kwa kuwa wao hukumbuka kwamba kabla watu hawajawa wa msikiti na wa kanisa, walikuwa wa tumbo moja.

6. Hatua za imani

Ziko siku nyingine ambazo jamaa huitwa hata kama si siku kuu ya watu wote. Hizo ni siku ambazo mtu mmoja hupita hatua katika imani yake.

Ya kwanza ni ubatizo. Wazazi wengi waishio mbali humleta mtoto mlimani ili abatizwe katika kanisa walilobatizwa wao. Mara nyingi hupewa jina la babu au bibi, pamoja na jina la Kikristo. Mzee hupakatishwa mtoto aliyebeba jina lake. Hapo huona ya kuwa jina lake halitakufa pamoja naye.

Ya pili ni kipaimara. Katika Kanisa la Kilutheri mtoto hufundishwa kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka miwili, akijifunza Katekisimo Ndogo ya Martin Luther. Kitabu hicho kilitolewa mwaka 1529, na Luther alikusudia mkubwa wa nyumba awafundishe kwacho watu wake. Usambara wako wazee wengi wanaojua sehemu zake kwa moyo. Mjukuu akija likizo, bibi huketi naye, mtoto akasoma, naye bibi akamsahihisha bila kutazama kitabu. Siku ya kipaimara yenyewe watoto husimama mbele ya watu wote, wakaulizwa, wakajibu kwa vinywa vyao wenyewe yale ambayo wazazi waliyajibu kwa ajili yao siku ya ubatizo. Nyumbani kuna karamu na zawadi. Lakini zawadi iliyo kubwa kuliko nyingine haifungwi katika karatasi. Mzee huinuka kwa taabu, huweka mkono wake juu ya kichwa cha mtoto, na kumwombea mbele ya ndugu zake.

Ya tatu ni ndoa. Na ya mwisho ni mazishi. Siku ya mazishi hata ndugu aliyeikosa Krismasi miaka kumi hupanda mlima. Hulia sana. Lakini husikia pia watu wakinong'ona, "Angalikuja alipokuwa hai!" Neno hilo halina dawa.

7. Fungu la mjukuu

Katika kitabu cha Mwanzo iko habari inayofanana sana na mambo haya. Yusufu, mwana wa Yakobo, alikaa Misri, mbali na kwao, akawa mtu mkubwa. Huko alizaa wana wawili, Manase na Efraimu. Alipopata habari kwamba baba yake ni mgonjwa, aliwachukua watoto akaenda nao. Macho ya mzee yalikuwa mazito kwa uzee. Alipowaona wale vijana wawili aliuliza ni akina nani. Yusufu akajibu kwamba ni wanawe. Ndipo Yakobo akawavuta karibu, akawabusu, akawahesabu kuwa kama wanawe mwenyewe, akaweka mikono yake juu ya vichwa vyao, akawabariki.

Angalia mambo mawili. Kwanza, mzee hakuweza kwenda kwao, waliletwa. Pili, Yusufu hakungoja mazishi. Alikwenda alipopata habari za ugonjwa. Mpaka leo wajukuu wazaliwao mbali huulizwa swali lile lile, "Hawa ni akina nani?" na hapana atakayelijibu ila mzazi awapelekaye.

Walakini mtoto naye ana fungu lake. Afikapo kwa babu, na aamkie kwa adabu, kisha asiketi peke yake na simu mkononi mpaka siku ya kuondoka. Ajifunze maneno ya Kisambaa. Hata akianza na moja tu, kusema "hongea" apewapo chakula, yaani asante, bibi atafurahi. Aende kuteka maji. Aulize majina ya waliotangulia, ayaandike katika daftari, kwa kuwa mzee ni kama taa yenye mafuta machache: huangaza sebule nzima, lakini hapana ajuaye itazimika saa ngapi.

Likizo ikiisha, magari hushuka tena kuelekea Mombo. Katika mizigo mna maharage, ndizi, na viazi. Maana bibi hakubali mjukuu aondoke mikono mitupu. Maharage yataliwa yaishe. Lakini mtoto ambaye asubuhi ile aliwekewa mkono kichwani, naye akaweza kutaja baba zake watatu bila kukwama, ameshuka na kitu kisichoisha. Iko siku naye atakuwa mzee, ataketi karibu na moto, na watoto watakuja kutoka mbali. Atawauliza, "Baba yako ni nani?" na watakapokwama, yeye atajua la kuwatajia.

Maswali

1. Kwa nini vijana wengi wa Usambara hushuka kwenda mijini?
2. Utani wa bibi na mjukuu una kazi gani katika nyumba?
3. Eleza mambo yaliyotokea katika nchi ya Usambara baada ya kifo cha Kimweri mwaka 1862. Ndugu wa siku hizi wanaweza kujifunza nini kwa habari hiyo?
4. Zamani imani mpya ilitenganisha babu na mjukuu. Kwa sababu gani? Leo imekuwaje?
5. Taja majina ya baba yako, babu yako, na baba wa babu yako. Usipoyajua, utamwuliza nani?